Mwaka wa Moteri ya Karanti

Mimi ni mtu wa maneno mengi, na hapa Uvira hakuna asiyelijua hilo. Kwenye harusi wananipa mikro bila hata kuniuliza, na kwenye matanga wananikalisha karibu na wafiwa ili kimya kisiwe kirefu mno. Ndiyo maana watu walishangaa mwezi uliopita. Tulikuwa tumetoka kumzika Fundi Kashindi, mzee wa moteri za boti, tukarudi kwake Rugenge. Alikuwa amelazwa jenezani na shati jeupe la mikono mirefu, limepigwa pasi vizuri, shati ninalolijua kwa sababu kila nilipomtembelea nilimkuta nalo. Tulipokwisha kunawa mikono, mkubwa wa ukoo alisimama uani akauliza kama desturi inavyotaka: mwenye neno na marehemu, aliyemkosea au aliyekosewa naye, aseme sasa mbele ya watu. Jirani mmoja akasimama, akasema waligombana zamani kwa ajili ya mfereji wa maji machafu, wakanuniana miaka miwili, amesamehe naye anaomba kusamehewa. Mwingine akasema msumeno wa marehemu uko kwake, ataurudisha. Kisha nikaona macho yananigeukia mimi, kwa mazoea tu, watu wakingoja niseme kitu cha kuwachekesha kidogo. Nilikuwa na sahani ya bugali na ndagala, dagaa wa kwetu, mapajani. Niliishika kwa mikono miwili nikaitazama mpaka mkubwa akasema basi, kama hakuna mwingine, tuombe. Nikaomba nao. Nikarudi nyumbani kwa miguu, wenye pikipiki wananipigia honi nawafukuza kwa mkono, nalia njia nzima, mtu mzima wa umri wangu, kitenge nimekiuma mdomoni.

Neno nililokuwa nalo ni la mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa mwuguzi katika kituo kidogo cha afya kando ya ziwa, kusini ya Kalundu, bandari ya Uvira ambako wagonjwa wa hospitali hushukia, mahali ambapo mvua ilikuwa imebeba madaraja mawili na gari halikupita tena. Wageni waliokuwa wanatusaidia kwa chanjo walifunga kazi yao wakatuachia boti la mpira, lile la kupulizwa, urefu wake hatua tano, lenye ubao mgumu nyuma wa kufungia moteri. Moteri yenyewe waliondoka nayo. Walisema tuandike kwenye karatasi ukubwa tunaotaka, nao watatutumia mpya. Karatasi nikapewa mimi, kwa kuwa nilikuwa karani wa komite ya kituo, na kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Mwandiko huo nilikuwa najivunia sana, mjinga mimi.

Ziwani kwetu moteri huitwa kwa hesabu ya farasi wake, na kwa Kifaransa. Kenze ni ya farasi kumi na tano, vensenki ni ya ishirini na tano, karanti ni ya arobaini. Kila mtoto wa pwani anazitambua kwa mlio tu, akiwa bado amelala. Lakini hizo zinasukuma mitumbwi ya mbao, mirefu, mizito, inayobeba magunia na watu sitini. Boti la mpira hakuna aliyekuwa amelifungia moteri isipokuwa Fundi Kashindi, ambaye alikuwa amewahi kufanya kazi na wazungu waliokuwa wanavua samaki wa mapambo. Basi tulimwita. Alikuja na kenze yake mwenyewe ameibeba begani, peke yake, akaifunga, akasema tuitumie kwanza tujue tunataka nini kabla ya kuandika. Dereva wa boti alikuwa Byamungu, kijana wa kijiji, mrefu, mwenye pengo la meno ya mbele na kicheko kisichokuwa na adabu. Nilimpenda, acha niseme tu, nani atanicheka sasa. Yeye alikuwa ananiita Mamzel, kama wazungu wanavyomwita msichana, kwa heshima yote, halafu anacheka.

Mgonjwa wetu wa kwanza alikuwa mtoto wa miaka miwili, malaria imemmaliza damu mpaka viganja vikawa vyeupe. Sasa, kwetu mgonjwa haendi hospitali peke yake. Hospitali inatoa kitanda na dawa, ukoo ndio unaopika, unaofua, unaoteka maji, unaolala chini ya kitanda. Kumtuma mgonjwa na mtu mmoja ni kama kusema mmekwisha kumkatia tamaa. Basi aliingia mama na mtoto wake, akaingia baba, akaingia nyanya, wakaingia mashangazi wawili, ikaingia sufuria, mkeka, gunia la makala ya kuwashia moto, unga wa muhogo, na kuku amefungwa miguu. Boti la watu sita lilikuwa limebeba nane na jiko zima. Kenze ikalia, ikalia, boti likaenda kwa kujivuta, maji yanatuchungulia pembeni. Mahali pa kufika kwa saa moja tulitumia saa mbili na zaidi. Mtoto alikata roho tukiwa tayari tunayaona mabati ya Kalundu. Nyanya alinipokonya mtoto akamfunika na kitenge, akamwambia Byamungu kwa sauti ya kawaida kabisa ageuze boti.

Komite ilikutana kesho yake katika depo ya kituo, chumba chenye dirisha moja, kinachonuka petroli na dawa ya kusafishia vidonda, tumekalia makasha. Nilikuwa nimekuja na hasira yangu tayari. "Kenze imeua mutoto," nilimwambia Fundi Kashindi kabla hata hajakaa.

"Kenze haikuua muntu," alisema. "Muko munapakia ukoo muzima mu boti ya watu sita. Punguza watu, kenze itafika."

"Nani ataambia nyanya abaki pwani? Weye?" Nilimwita weye, mtu wa umri wa baba yangu, mbele ya watu. Wazee walikohoa. Yeye alitabasamu tu, akafikiri, akasema, "Bo. Andika vensenki, basi." Akatuonyesha kibati kidogo kilichobandikwa kwenye ubao wa nyuma wa boti, ambacho alikuwa amekichora kwenye karatasi ya sigara: kilisema vensenki ndiyo mwisho, isizidi hapo. Byamungu akadakia, "Papa, moteri kubwa unaweza kuipunguza. Ile ndogo utaiongeza na nini?" Depo yote ikacheka, na mimi nikacheka kuliko wote, kwa sababu ndilo jambo nililokuwa nataka kusema. Fundi alingoja tumalize. Kisha akauliza, "Na kurudi?"

Hatukumwelewa. Akaeleza taratibu, kama anayemwelekeza mtu njia ya kwenda Lemera. "Kwenda muko nane, boti iko nzito, inalala vizuri mu maji. Karanti itaisukuma, sikatai. Lakini ukoo unabaki hospitali kupika. Kurudi, Byamungu iko peke yake, amekaa nyuma na ile chuma. Sasa kule mbele, ku pua, iko nani? Boti nyepesi, moteri nzito, na upepo uko unatoka mbele. Itasimama wima, pua juu."

Nakumbuka kabisa nilivyomjibu. Nilisema, "Kurudi hakuna mugonjwa, Fundi. Kurudi hakuna haraka." Nikainamia karatasi nikaandika arobaini, kwa tarakimu na kwa maneno, nikapiga mstari chini kwa rula. Nilikuwa nafikiria viganja vya yule mtoto. Hata leo nikijihoji sioni kama nilikuwa na nia mbaya, na hilo halinisaidii kitu.

Karanti ilifika mwanzoni mwa mvua, katika kasha la mbao, inang'aa. Watu watatu waliibeba wakitweta. Fundi Kashindi alikuja kuifunga mwenyewe, hakununa, hakusema niliwaambia. Aliutikisa ule ubao wa nyuma kwa mikono yote miwili, akatingisha kichwa, akaniita pembeni, pale wanawake walipokuwa wameanika ndagala. "Binti, sikiliza. Siku zote dereva akirudi peke yake, bido la maji likae ku pua. Lita makumi mbili, limejaa, limefungwa na kamba. Byamungu ni kijana, atasahau. Weye husahau kitu, na mdomo yako haiogopi muntu. Weye njo utachunga." Nikamwahidi. Nilitafuta bido mwenyewe, dumu la plastiki la njano, nikalijaza mwenyewe, nikalifunga pale mbele kwa kamba ya nyavu, na kwa muda wa miezi kadhaa hakuna aliyeligusa bila kusikia sauti yangu.

Na lazima niseme ukweli wote, maana nimechoka kusema nusu: karanti ilitusaidia. Mwaka ule tulifikisha wanawake waliokuwa wanatoka damu, tulifikisha mvulana aliyeumwa na nyoka, tulifikisha mzee aliyekuwa amekwisha kuaga watoto wake na akarudi kuwasumbua miaka mingine mingi. Tulipakia ukoo mzima na kuku wao, na boti lilikwenda. Tukirudi, mimi nilikaa mbele kabisa, juu ya lile bido, maji yananirukia usoni, na Byamungu nyuma anapiga kelele, "Weye njo mufuko yangu ya muchanga, Mamzel! Kula sana, usikonde!" Kabla ya kurudi tulikuwa tunapita kwa mama mmoja wa Kalundu mwenye jiko la makala chini ya turubai, tunakula mukeke wa kuchoma na pilipili na limau, sahani moja, na Byamungu ananiachia kichwa cha samaki kwa sababu alijua nakipenda. Njia nzima ya kurudi nilikuwa naongea. Nilimsimulia wagonjwa, ndoto, ugomvi wa kwaya, kila kitu, nimemgeukia, naye anatikisa kichwa, anacheka pale panapofaa. Siku moja alikiri kwamba kwa kelele za karanti hakuwahi kusikia hata neno moja. "Nilikuwa naangalia tu mdomo," alisema. Nilimnunia kutwa nzima. Sasa hivi ningetoa nini ili ninune tena kwa sababu ile.

Siku yenyewe ilikuwa ya kiangazi, katika ile miezi ambayo upepo wa kusini unaamka baada ya saa sita na ziwa linageuka rangi. Asubuhi tulimpeleka mama mmoja aliyekuwa na uchungu siku mbili, mtoto amekaa vibaya. Ukoo uliingia botini kwa haraka na vilio, na kwa haraka hiyo walisahau bido lao la maji mchangani. Tulifika salama. Mama alipasuliwa, mtoto akalia, baba wa mtoto akamkumbatia Byamungu akamnyanyua juu. Halafu nyanya wa mtoto alinifuata pale kwenye ukuta wa hospitali, ananiangalia kwa aibu, akasema, "Mwanangu, hatuna cha kuteka maji. Na kule ku bomba ni mbali." Niliteremka pwani. Nilifungua ile kamba kwa mikono yangu, nikamwaga maji ziwani, nikampa bido. Alinibariki. Nikajiambia haina neno, mimi mwenyewe nitakaa mbele, uzito wangu unatosha.

Kisha sikurudi naye. Jumapili kulikuwa na ubatizo na nilitaka kusukwa. Rugenge alikuwako msusi mmoja mwenye mkono mwepesi, na nilikuwa nimemkosa mara mbili. Nilimwambia Byamungu atangulie, mimi nitakuja kesho na mtumbwi wa abiria. Alikuwa tayari ndani ya boti. "Sasa minye nitarudi na nani?" alisema, na alicheka, kwa sababu ulikuwa ule utani wetu wa kila siku. Nami nilimjibu kwa utani, Mungu anisamehe, nilimwambia atafute mfuko mwingine wa mchanga. Nikapanda kilima kwenda kusukwa. Bido lilikwisha kunitoka kichwani kabisa. Mimi ambaye sisahau kitu.

Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda, upande mmoja umekwisha, upande mwingine bado, msusi anasimulia habari za mume wa mtu, wakati kijana alipopita anakimbia akisema boti la kituo limepinduka. Wavuvi waliokuwa wanashona nyavu pwani waliliona lote. Walisema lilikuwa linakuja vizuri, kisha upepo ukalipokea kwa mbele, pua ikapanda, ikapanda, boti likasimama wima na moteri chini, likaanguka kinyumenyume juu yake. Boti lilipatikana jioni ile. Yeye alipatikana kesho yake asubuhi. Nilikwenda kumlilia hivyo hivyo, nusu ya kichwa imesukwa, kitambaa juu, na usiku nilizifumua zote kwa vidole. Tangu siku ile sijasukwa tena. Watu hudhani ni mambo ya kanisa langu.

Baada ya maziko, mama yake Byamungu alikuja depo. Komite ilikuwa imekaa kwenye yale makasha, Fundi Kashindi ameitwa. Mama hakulia. Alisimama mlangoni akauliza swali moja tu. "Nani alichagua hii moteri?"

Nilifungua mdomo. Nawaapia nilifungua mdomo. Karatasi yenye mwandiko wangu ilikuwa kwenye kabati, hatua tatu kutoka pale alipokuwa amesimama. Wazee walitazama sakafu, kwa kuwa nao walicheka siku ile. Kisha nikasikia sauti ya Fundi. "Ni minye, mama. Ni minye nilisema karanti iko sawa. Ni minye niliifunga. Unisamehe." Mama alimsogelea. Akatema mate chini, mbele ya miguu yake, akaondoka. Na mimi nikaufunga mdomo wangu. Sikumtazama Fundi wala yeye hakunitazama. Alichukua kofia yake akatoka, akarudi mjini kwa miguu.

Tangu hapo watu wa pwani walimwita Fundi Karanti, na si kwa sifa. Mwenye mtumbwi alikuwa anapita mbele ya mlango wake na moteri kwenye mkokoteni akaipeleka kwingine. Alimalizia maisha yake akitengeneza baiskeli na cherehani. Mama yake Byamungu alikufa miaka mingi iliyopita, bado anamchukia Fundi. Mimi nilihamia mjini, nikaolewa, nikazaa, nikaanza kuongea kwenye harusi. Kila mwaka mpya nilimpelekea Fundi sukari na majani ya chai. Nilimkuta na lile shati jeupe, amekaa kwenye kiti chake sebuleni kama mtu anayengoja mgeni mkubwa. Binti yake Faida alituwekea chai ya rangi na viazi vitamu. Nilisimulia, nikasimulia, mvua, bei ya mukeke, wajukuu, na Fundi akawa ananitazama mdomo, anatikisa kichwa. Kikombe kikiisha nilisimama nikaaga. Kila mara nilijiambia, mwaka ujao.

Juma moja baada ya matanga nilikwenda kwa Faida. Nilimkuta uani anachambua sombe, majani ya muhogo, kwenye ungo. Sikukaa hata kwenye kiti, nilikaa chini kwenye mkeka, nikasema yote kama nilivyoyaandika hapa: karatasi, rula, bido, nywele, mlango wa depo. Faida aliendelea kuchambua mpaka nilipomaliza, majani huku, vijiti huku.

"Mama Apolina," alisema, "tulikuwa tunajua."

Akachukua jani jingine.

"Baba alituambia mwaka ule ule. Alisema, ile binti iko na miaka makumi mbili na tatu, hii kitu itamuvunja. Akatukataza kusema. Alisema utakuja kusema mwenyewe." Aliufuta ungo kwa kiganja. "Kila mwaka mupya, ukitokea kule ku kona, sauti yako tulikuwa tunaisikia mbali. Yeye njo wa kwanza kuisikia. Alikuwa ananiambia, Faida, leta ile shati nyeupe, leo atasema. Ukiisha kwenda alikuwa anaivua, anaikunja mwenyewe, anasema, haina neno, mwaka ujao."

Nilimuuliza kwa nini, basi, walimzika na shati lile.

"Ni yeye aliomba," alisema Faida. "Alisema, Mama Apolina atakuja kwa matanga, na pale wataulizia mwenye neno. Munivalishe, labda atasema."